Zamu ya Baba Kwenye Mfongo

Nilipopanda kurudi kwenye kihamba cha baba, shamba letu la ukoo kule mlimani, nilibeba vitu vichache kwa makusudi. Begi la nguo, sufuria mbili, redio ndogo na viatu vya kanisani. Televisheni niliigawa, na friji nikamwachia mpangaji aliyechukua nyumba yangu pale Moshi mjini. Nilikuwa nimestaafu kufundisha, wanangu wako mbali na wanajitegemea, na kwa miaka mingi nilikuwa nikijiahidi kwamba siku moja nitaishi kama alivyoishi mama. Niamke na jogoo, nikate majani ya ng'ombe, nipike nilichochuma, nilale giza likiingia. Nilitaka kujijua. Nasema hivyo bila aibu, ingawa rafiki zangu walinicheka. Mmoja aliniuliza kama nilikuwa nimepoteza kitambulisho.

Kama nawe una hamu ya namna hiyo, usiipuuze. Ukipunguza vitu na kelele unaanza kweli kumsikia mtu uliye. Mimi nilimsikia. Nilichokuwa sikijui ni kwamba nitamsikia wakati hakuna la kufanya.

Baba alikuwa akiishi peke yake pale tangu mama afariki. Mdogo wetu wa mwisho, ambaye kwa mila zetu kihamba ni chake, anafanya kazi mbali, na alifurahi niliposema nakwenda kukaa. Kwenye simu aliniambia tu kwamba mzee ameanza kusahau kidogo. Nilipofika nikapiga magoti na kumwamkia, "Shikamoo baba," akaitikia marahaba kwa furaha kubwa, akanikaribisha, akaniuliza habari za safari. Tulikunywa chai. Baada ya chai akanishukuru kwa kumtembelea, akaniambia niwasalimie nyumbani kwetu.

Kwa msomaji asiyetoka huku, inafaa nieleze mfongo kabla ya kwenda mbele, kwa sababu bila huo hutaelewa kilichotupata. Mfongo ni mfereji uliochimbwa kwa mikono na babu zetu. Unaanza juu kwenye kijito, karibu na msitu, kisha unauzunguka mteremko taratibu hadi kwenye vihamba. Kila kihamba kina mlango wake, yaani sehemu ya ukingo inayoweza kufunguliwa. Tunaiziba kwa vipande vya mgomba, mawe na udongo. Siku ya zamu yako unakitoa kizibo, maji yanaingia kwenye kijifereji chako na kupita kwenye migomba, kahawa na magimbi. Zamu ikiisha unaziba, nayo yanaendelea kwa mwenzako aliye chini.

Nilifundisha muda mrefu Mabogini, kule chini kwenye mpunga. Kule maji yanaingia kwenye majaruba na kutulia. Huku juu yanapita tu, na yakiingia kwako yamemkosa mwingine. Ndiyo maana mfongo una mwenyekiti, una kamati, na una adhabu. Zamani mwizi wa maji alipeleka debe la mbege, pombe yetu ya ndizi, kwa wenzake. Aliyerudia alitoa mbuzi. Aliyekuwa mkaidi kabisa alifungiwa maji.

Baba alikuwa mwenyekiti wa mfongo wetu tangu nikiwa mtoto hadi magoti yalipomchosha. Hakuwa mtu wa kupaza sauti. Watu walipogombana walikuja kukaa kwenye nyasi mbele ya nyumba yetu, naye aliuliza maswali machache, akanyamaza, kisha akasema neno moja na wote wakaondoka. Mama alikuwa akimtania kwamba nyumbani angalau angejaribu kusema maneno mawili.

Siku za kwanza zilikuwa nzuri kuliko nilivyotarajia. Asubuhi mlima ulikuwa wazi, na baridi yake ilikuwa ya kukufanya upende moto. Nilijifunza upya kuwasha kuni bila kuijaza nyumba moshi. Nilikata majani, nikakamua, nikamenya ndizi kwa ajili ya mtori hadi vidole vikawa vyeusi kwa utomvu. Baba alikaa kwenye kigoda chake mlangoni akinitazama. Wakati mwingine alinijua, wakati mwingine aliniita kwa jina la dada yake, marehemu shangazi. Nilizoea. Nilijiambia kwamba kati ya watu wawili wanaotafuta utulivu, mmoja tayari amekwishaupata.

Kisha nikaanza kuona kwamba kila alfajiri kitanda chake ni kitupu.

Alikuwa mfongoni. Alichukua jembe, akapita kwenye kijia kati ya migomba, akapanda hadi kwenye mlango wetu, akatoa kizibo, akasimama akiyatazama maji yakiingia. Hakufanya fujo. Alifanya alichofanya maisha yake yote. Enzi zake maji yalikuwa mengi, na vihamba vya upande wetu viliruhusiwa kufungua kila alfajiri kwa muda mfupi. Siku hizi kijito kimepungua, mipira mingi inavuta maji huko juu, na zamu yetu ni Ijumaa tu. Kwa baba kila siku ilikuwa zamu yetu.

Maji yale aliyoyachukua yalikuwa ya jirani yetu wa chini. Ni mjane aliyenizidi umri kidogo, nami humwita dada. Analima mboga, mnavu na Chinese, na siku za soko anashuka na mafurushi yake hadi Kiboriloni. Huyo huyo ndiye aliyekuwa akimletea baba uji kabla sijarudi, bila kuombwa na mtu. Mara ya kwanza alikuja akicheka, kitenge kimefungwa kiunoni na jembe begani.

"Hodi, mwalimu. Maji yangu yamelala kwenu?"

Nikamwambia samahani, mzee ameyafungua.

"Basi yamekuja kumsalimia. Yameshanywa chai? Nayahitaji."

Tukacheka, tukaziba mlango, akaenda zake. Kesho yake akarudi. Siku iliyofuata akarudi tena, na safari hiyo hakutania.

Mimi ni mwalimu. Mtu asipojua jambo, kazi yangu ni kulieleza, na asipoelewa naeleza kwa njia nyingine. Nimewafundisha hesabu watoto ambao wazazi wao walikwishakata tamaa. Sikuwahi kuamini kwamba kuna kichwa kisichofunguka ukikipa muda. Basi nikamkalisha baba baada ya chai, nikachukua mahindi nikayapanga mezani kama vihamba, nikamwonyesha mfongo unavyopita, nikamweleza habari ya kijito na mipira na zamu mpya. Nilikwenda polepole. Alinisikiliza vizuri kuliko wanafunzi wengi. Aliitikia kwa kichwa palipostahili.

"Umeeleza vizuri sana," akaniambia. "Wewe ungefaa kuwa mwalimu."

Alfajiri iliyofuata alikuwa mfongoni.

Nikajaribu njia nyingine. Nilifunga kitambaa chekundu kwenye mlango wetu ili kimkumbushe kwamba si siku yake. Akakifungua, akakikunja vizuri, akaniletea nyumbani akisema kuna mwanamke amesahau nguo yake mfongoni, nimtafute. Nilificha jembe. Akaenda na mikono yake, akarudi na udongo kwenye kucha, amefurahi. Nilianza kuamka kabla yake na kumfuata, na tulipofika kwenye mlango nikasimama mbele yake, nikamwomba turudi. Akanitazama kwa adabu, kama unavyomtazama mgeni aliyekosea njia.

"Mama, wewe ni mke wa nani hapa?"

Nikasema mimi ni binti yako, baba. Akafikiri. Akasema kama ni binti yake basi nimsaidie kutoa lile jiwe.

Nilimshusha mjini akaonwe na daktari. Daktari alikuwa kijana mwenye subira, akanieleza kilichokuwa kikitokea kwenye ubongo wa mzee, naye alieleza vizuri pia. Alisema hakuna dawa ya kukirudisha kilichopotea. Alisema tujaribu kumwacha afanye anachokipenda, ilimradi ni salama. Tulirudi nyumbani na vidonge vya kumsaidia kulala, ambavyo havikumzuia kuamka.

Sasa nieleze kwa nini sikumfungia ndani, kwa maana watu wengi walinishauri hivyo, na kwa nia njema. Weka komeo kwa nje, walisema, jua likitoka mfungulie. Ni kwamba pale mfongoni baba alikuwa mzima. Nyumbani alitafuta maneno, alisahau kama amekula, alimwita ng'ombe aliyekufa miaka mingi iliyopita. Lakini akisimama kwenye ule ukingo, miguu ndani ya majani yenye umande, mgongo wake ulinyooka. Alinieleza nani alichimba kipande kipi. Alisikiliza maji akasema huko juu kuna jani limeziba, na mara nyingi lilikuwepo. Mara moja, akiwa amesimama pale, aliniita jina langu la utotoni ambalo mama tu alikuwa akilitumia. Nilichotaka ni kimoja tu, kwamba asizuiwe kwenda kwenye mfongo. Nilijua kwamba nikimwekea komeo nitabaki na mzee mwingine, na yule wa kwenye ukingo sitamwona tena.

Katika siku hizo ndipo nilianza kujisikia. Nyumba isiyo na televisheni inarudisha sauti yako. Nilijisikia nikieleza mchana kutwa. Nilimweleza baba kwa nini avae sweta, nilimweleza kwamba leo ni Jumanne, nilimweleza ng'ombe kwa nini majani ni machache. Niligundua kwamba watu wote niliowapenda nimewapenda kwa njia hiyo, kwa kuwaeleza, na kwamba sikuwa na njia nyingine. Si jambo baya kulijua. Ila ni kama kufungua sanduku ulilokuwa ukilitunza na kukuta ndani kuna nguo moja tu.

Ukame ulizidi. Vuli haikuwa ya maana, na jua la Januari likawa kali hadi migomba ikaanza kukunja majani mchana. Jirani yangu alikuwa amesia mbegu upya, miche yake bado midogo, na kila alfajiri niliyoshindwa kumzuia baba ilikuwa ni alfajiri ya miche ile kukosa maji. Hakuja tena kubisha hodi. Aliziba mwenyewe na kuondoka kimya.

Nikaamua kumpelekea isale. Isale ni mmea wa majani marefu ya kijani tunaoupanda kwenye mipaka na kwenye makaburi ya wazee. Ukimkosea mtu, unakata jani lake, unalifunga fundo, unampelekea. Kwetu hakuna ombi la msamaha kubwa kuliko hilo, na anayeletewa hawezi kulikataa. Nilikata la pale kwenye kaburi la mama. Nikaenda nalo mchana, nikamkuta akipalilia, nikampa kwa mikono miwili.

Alilipokea. Akakaa chini kwenye tuta akilishika mapajani.

"Mwalimu, hili siwezi kulirudisha," akasema. "Lakini ninyi mtayafungua tena kesho."

Nikamwambia nitajitahidi.

"Najua utajitahidi. Ndiyo nasema, usiniletee tena isale. La pili nitalipokeaje?"

Nilitaka kumweleza habari za ubongo kama nilivyoelezwa na daktari. Nikafungua mdomo, nikaona macho yake, nikaelewa kwamba alikuwa akiyajua hayo kabla yangu. Yeye ndiye aliyempa baba uji wakati mimi bado niko mjini nikipanga kujijua.

Siku chache baadaye nikapitiwa na usingizi. Mvua ndogo ilikuwa imenyesha juu msituni, na maji ya mfongo yalikuwa mengi kuliko kawaida. Baba alikwenda na jembe jipya alilolitoa kwa jirani wa upande wa pili, akaukuta mlango wetu umeshindiliwa mawe, maana kamati ilikuwa imeanza kuchukua hatua. Hakuhangaika na mawe. Alisogea kando kidogo akaukata ukingo wenyewe. Ukingo wa mfongo ukikatwa kwenye mteremko, maji hayangoji kuongozwa. Yalipita pembeni ya migomba yetu, yakachimba kijia, yakaingia kwenye shamba la jirani yetu wa chini na kusomba matuta ya miche hadi bondeni. Nilipofika baba alikuwa amelowa hadi kiunoni, anajaribu kuyazuia kwa mikono, anatetemeka kwa baridi. Jirani alikuwa amesimama chini kwenye tope. Alikuja akamshika baba mkono mmoja, mimi nikashika mwingine, tukampeleka kwenye moto.

Mkutano wa mfongo uliitishwa Jumapili baada ya ibada. Walutheri walitoka kwao, Wakatoliki wakatoka kwao, wakakutana kwenye nyasi mbele ya nyumba yetu, kwa sababu ndipo walipozoea kukutana. Mwenyekiti wa sasa ni mwanaume wa makamo anayepandisha wageni mlimani. Mambo ya mfongo alijifunza kwa baba. Aliniuliza kando, kwa sauti ya chini, kama ninaweza kuwaahidi kwamba haitatokea tena. Nilitamani kusema ndiyo. Nikasema siwezi. Nikamwomba jambo moja tu, wasimzuie mzee kwenda mfongoni. Akasema atajaribu, ila ukingo ukikatika tena siku ya maji mengi, litaondoka zizi la mtu.

Wanaume walikaa mbele, wanawake nyuma, ingawa siku hizi tunasema. Baba alikuwa amevaa koti lake la kanisani. Alipoona watu wamekaa, akatoka na kigoda chake, akaja akakiweka mahali pake pa siku zote, upande wa mwenyekiti, akaketi. Hakuna aliyemzuia. Akatazama kushoto na kulia.

"Kesi ni nini?" akauliza.

Mwenyekiti akasimama. Nadhani hata yeye hakupanga kusimama, ni miguu tu iliyozoea. Akasema kuna mtu anafungua maji siku zisizo zake.

"Alionywa?"

"Alionywa, mzee. Mara nyingi."

"Aliomba radhi?"

"Isale lililetwa."

"Likapokelewa?"

Watu wakageuka kumtazama jirani yangu. Akajibu akitazama chini kwamba alilipokea.

"Na akarudia."

"Akarudia," mwenyekiti akasema. "Tena akakata ukingo. Miche ya huyu mama imekwenda na maji."

Baba akanyamaza, kama alivyokuwa akinyamaza nikiwa mtoto. Kuku wakapita katikati ya watu. Nilijua ninapaswa kusimama na kusema kitu, na ndiyo kazi niliyoifanya maisha yangu yote, kusimama mbele ya watu na kusema kitu. Sikuona cha kusema kilichokuwa hakijulikani na kila aliyekuwa pale.

"Basi huyo hataki kusikia," baba akasema. "Mzibieni. Kwa mawe makubwa, siyo mgomba. Asipewe maji hata siku ya zamu yake, mpaka aje mwenyewe hapa aseme nimeelewa."

Mzee mmoja akakohoa. Baba akainama mbele kidogo, akauliza, "Ni nani?"

Mwenyekiti akanitazama, nami nikamtazama jirani yangu. Yeye ndiye aliyetuokoa.

"Ni jirani yangu tu, mzee."

"Majirani ndio wasumbufu," baba akasema, na baadhi ya watu wakacheka, kicheko kile cha kukosa pa kukiweka. Akainuka, akachukua kigoda chake, akaingia ndani kuniuliza kama chakula kimeiva.

Walikuja siku iliyofuata. Walileta mawe ambayo wanaume wawili waliyaviringisha kwa shida, wakaujenga ukingo wote wa upande wetu kwa mawe na udongo wa mfinyanzi. Mwenyekiti mwenyewe alifanya kazi kuliko wote, labda ili asiongee nami. Baba alisimama akiwasimamia. Aliwaonyesha mahali pa kuongeza udongo. Walipomaliza akawashukuru kwa kazi nzuri.

Baadaye nilimwomba mwenyekiti kama Ijumaa wanaweza kulegeza jiwe moja. Akasema angependa, lakini jiwe linalolegezwa Ijumaa mzee ataliona Jumamosi. Alisema hivyo kwa huruma, na alikuwa sahihi.

Kwa hiyo hatuna maji ya mfongo. Tuna bomba la kijiji linalotoka siku linapotaka, nami nabeba ndoo kwenye migomba iliyo karibu na nyumba. Ile ya mbali inakauka. Kahawa iliyopandwa na mama imeangusha majani. Jirani yangu amesia tena, na miche yake imeshika. Ananiletea mnavu, nami nampelekea maziwa. Siku moja aliniuliza kama bado nafurahia maisha ya shamba. Nikamwambia ndiyo, nikashangaa kuona kwamba si uongo.

Kama una mzazi wa namna hii, sina somo la kukupa, ingawa natamani ningekuwa nalo. Naweza kukuambia tu kwamba kuna siku utachoka kueleza, na hutakuwa umeacha kupenda. Mimi nimeacha kueleza. Baba akiuliza mama yuko wapi, nasema yuko karibu. Akisema leo ni siku ya soko, nampa kofia yake. Wakati mwingine mchana mzima unapita bila mimi kumsahihisha mtu, na katika ukimya huo nasikia migomba, nasikia ng'ombe akitafuna, na namsikia mtu fulani ndani yangu asiye na la kufundisha. Sijamzoea bado. Namwona tu.

Kila alfajiri baba bado anakwenda. Hilo angalau nililiomba nikapewa. Tunakwenda pamoja, yeye na jembe, mimi na panga. Tunasafisha kijifereji chetu kikavu kutoka chini hadi juu, tunatoa majani, tunanyoosha kingo. Kimekuwa safi kuliko vyote. Tukifika juu tunayakuta mawe, na nyuma ya mawe maji yanasikika yakipita kwenda chini. Baba anaweka mkono juu ya jiwe.

"Nani ametufungia?" anauliza.

Mwanzoni nilikuwa nageuza uso. Siku hizi nasema, "Sijui, baba."

Anafikiri. Hakasiriki kamwe. Ananishika bega, ananifariji, kwa kuwa anaona nimehuzunika.

"Usijali, mwanangu. Twende kwa mwenyekiti tukamweleze. Ni mtu wa haki, atasikiliza."

Basi tunaondoka. Anatangulia yeye, jembe begani, tunafuata ukingo wa mfongo kupanda juu, tukipita kwenye vihamba vya watu wanaotuamkia na kutuuliza tunakokwenda. Baba anawajibu kwamba tunamtafuta mwenyekiti. Wanasema haya, mzee, mtamkuta. Tunapanda hadi jua linapochomoza na magoti yake yanapokataa, kisha tunakaa kwenye jiwe, anapumzika, anasahau tulichofuata. Nami namshika mkono tunashuka polepole kwenda kunywa chai.

Bado hatujamkuta.